Tumbo la Hilari na Wavu Unaoyeyuka

Katika kijiji kimoja cha ujamaa, si mbali na stesheni ya Kigwa, alikuwapo mtu aliyeamini kwamba kila kitu kizuri duniani kimefichwa chini ya kaunta. Jina lake Hilari Lugembe, muuzaji wa duka la kijiji. Alikuwa na haki ya kuamini hivyo, maana kaunta ilikuwa yake na mfichaji alikuwa yeye. Kwenye rafu alipanga viberiti vilivyoingia unyevu na majembe yasiyo na mipini. Sukari, sabuni ya mche na vitenge vililala chini, vikisubiri wenyewe. Wajane walipanga foleni tangu alfajiri, naye akawaambia, macho makavu, "Ndugu zangu, mzigo haujafika." Mkubwa fulani akipita mlango wa nyuma, mzigo ulikuwa umefika zamani.

Ngiri ya kitovu alikuwa nayo kwa miaka mingi. Aliikaza kwa mkanda mpana na kuwaambia watu kuwa ile ni shibe.

"Baba Imakulata, nenda hospitali," mkewe Apolinaria alimsihi. "Shibe gani hiyo inayokuamsha ukiugulia?"

"Hospitali wanakwenda watu wasiojuana na mtu," alijibu.

Ukaja mwaka wa msako wa walanguzi. Watu walitupa bidhaa vichakani, waliokuwa nazo na hata waliodhaniwa kuwa nazo. Asubuhi moja ikavuma kwamba wakaguzi wameshuka treni Kigwa. Hilari hakuwahi kunyanyua gunia maishani mwake, kwa kuwa siku zote alikuwapo mtu wa kumnyanyulia, lakini siku hiyo hakuthubutu kumwita mtu. Aliinama chini ya kaunta, akalikumbatia gunia la sukari, akalikimbiza hadi kwenye choo kibovu nyuma ya duka. Babu yake alibeba pembe za ndovu toka Ujiji hadi pwani akiimba. Mjukuu alibeba sukari toka kaunta hadi chooni, akaanguka. Gunia lilizama, na ngiri ikatoka ikagoma kurudi ndani.

Na wale wakaguzi? Walikuwa wanakwaya wa Moraviani kutoka Sikonge, waliokuja kwenye mkutano wa injili. Kitu cha kwanza walichoomba ni chai ya sukari.

Kwa kuona haya, Hilari alijifungia ndani akajipaka mafuta ya nyonyo, mpaka akaanza kutapika vitu vinavyonuka choo. Hapo Apolinaria hakuomba ruhusa tena. Alimpakia kwenye trekta la kijiji, akamshikilia njia nzima hadi Tabora huku akimlaani na kumwombea kwa pumzi moja.

Daktari Ghalibu, mpasuaji, mzaliwa wa familia ya wafanyabiashara Waarabu wa mtaa wa Mtendeni mjini humo, alikuta utumbo umejinyonga, umekufa na kutoboka, na uchafu umetapakaa tumboni. Alikata kilichooza, akaunga, akaosha. Kingo za tumbo zilipokataa kukutana, aliziba pengo kwa kipande cha wavu mwembamba. Hilari alipopata fahamu, daktari alikaa kando ya kitanda chake.

"Ndugu Hilari, nisikilize. Wavu niliokuwekea utayeyuka wenyewe. Umewekwa ushikilie tumbo wakati kidonda kinapona. Huenda uvimbe ukarudi. Ukirudi, usihangaike, njoo. Kidonda kitakuwa safi, nami nitakuwekea wavu wa kudumu."

"Wa kudumu upo?"

"Upo. Ila ukiwekwa penye uchafu unashika usaha, na usaha hauishi mpaka wavu utolewe."

Katika maneno yote hayo Hilari alisikia neno moja tu: upo. Yaliyobaki aliyajua kwa moyo. Ndiyo aliyowaambia wajane kila siku. Wavu unaoyeyuka! Hata sabuni ya duka lake iliyeyuka kwa aibu kidogo. Mali ya kweli imewekewa wakubwa, na huyu, mtoto wa dukani, anadhani anaongea na mshamba?

Alimtuma Apolinaria kwa daktari na debe la asali ya Ipole. Asali ikarudi.

"Amesema ule vizuri upone," Apolinaria alisema. "Baba Imakulata, kwa nini usimwamini mtu aliyekutoa kaburini?"

"Hujui biashara, mama. Ameona debe ni dogo."

Kidonda kikiwa bado kinatoa maji, Hilari alitoroka wodini. Huko Mtendeni, nyuma ya nyumba moja, palikuwa na Twalibu, aliyewahi kufagia chumba cha upasuaji na sasa anachoma watu sindano kwa siri. Hilari alifurahi kuingia kwa mlango wa nyuma. Alijiona kafika nyumbani. Twalibu alimwonyesha kipande cha nailoni, akaapa kimetoka Ulaya, akamchoma ganzi na kukishona juu ya kidonda kile kile. Hilari alirudi kijijini akijipigapiga tumbo. "Huu hauyeyuki," alijigamba. "Huu ni wa wakubwa."

Kweli haukuyeyuka. Ulioza pamoja naye. Usaha ulichuruzika, homa ikampanda, na Apolinaria akaita trekta tena. Safari hii alilia waziwazi, kwa hasira kuliko huzuni.

Daktari Ghalibu aliutoa wavu ule uzi kwa uzi, kisha akauinua mwangani. Kwenye tundu moja kulikuwa na gamba la samaki.

"Wa dagaa huu," alisema. "Umetoka Kigoma."

"Niwekee basi ule wa kuyeyuka," Hilari alinong'ona.

"Ule niliokupa ulikuwa wa mwisho kwenye boksi. Mkubwa mmoja alitaka nimtunzie mkewe, nikakataa, kwa kuwa tumbo lako ndilo lililokuwa chafu." Daktari alinawa mikono. "Sasa kidonda kitapona kikiwa wazi, polepole. Kunyanyua kitu, marufuku. Kuinama pia."

Mara moja tu maishani mwake Hilari alikuwa amepewa kitu kwa mlango wa mbele, bure, kabla ya wakubwa, naye hakukitambua.

Alipona, ikiwa kule ni kupona. Alirudi dukani na pengo tumboni, amefungwa kanga mbili za mkewe, ameketi kwenye kigoda. Siku sukari ilipoletwa, vijana wa trekta walisimama na gunia mabegani wakimtazama.

"Tuweke wapi, mzee?"

Hilari alitupia jicho chini ya kaunta, mahali ambapo hataweza kufika tena, akafungua kinywa.

"Juu," alisema Apolinaria. "Watu waone."

Mjane wa kwanza kwenye foleni alisogea, akaliangalia gunia, kisha akamwangalia Hilari.

"Mzigo umefika, mwanangu?"

"Shikamoo, mama," Hilari alisema, macho chini. "Umefika."