Dagaa wa Nailoni Tatu

Wiki iliyopita nilipanga chumba katika nyumba ya mapumziko Ujiji, kwa kuwa napenda miji mikongwe. Kibaraza kilitazama ziwa. Asubuhi ya kwanza mgeni wa chumba cha pili alimwita mama mwenye nyumba, akaziba pua kwa vidole viwili.

“Mama, hao dagaa hapo chini wananuka. Sisi tumekuja kupumzika.”

Nilikuwa nakunywa chai pembeni. Nikaitikia kwa kichwa.

Mama alishuka ufukweni. Wanawake walioanika wakazoa dagaa wao kwenye makarai, wakaenda kuanika mbali.

Siku ya kuondoka, mgeni yule yule akaulizia dagaa wa kupeleka nyumbani. Nani hutoka Kigoma mikono mitupu? Nami nikaagiza. Akaitwa mmoja wa wanawake wale. Alitukabidhi vifurushi kwa mikono miwili, akipiga goti kidogo.

“Nimewafunga nailoni tatu, wageni wangu, wasije wakawanukia njiani.”

Hakuwa anatusema. Alikuwa anatujali kweli, na hapo ndipo nilipokosa pa kutazama.

Wale dagaa hawakunuka hata kidogo. Njia nzima nilitamani wanuke.