Siku Mkaguzi Alipokaa Sakafuni

Kesho unaingia darasani kufundisha kwa mara ya kwanza, mwanangu, na sitaki uondoke kabla sijakusimulia siku moja ninayoikumbuka mpaka leo.

Ilikuwa miaka ya tisini, biashara zimefunguliwa, na maduka ya Mabatini yamejaa bidhaa mpaka barazani. Sisi tuliozoea kupangia foleni sabuni tulikuwa tunapita tunashangaa tu. Nilikuwa mwalimu mgeni, binti kutoka Bukoba, nimepangiwa shule ya msingi hapa Mwanza, na kazini nilikuwa bado sijathibitishwa. Vitabu havikutosha, lakini maboksi matupu yalikuwa tele. Jioni nilipita madukani kuyaomba. Darasani tuliyakata, tukayalaza bapa, watoto wakahesabu nyuso zake, kisha tukayakunja upya. Darasa langu la tano walipenda somo la maumbo kuliko hata mapumziko. Ah, kelele za mikasi ile! Natamani ningezisikia tena.

Basi siku hiyo akaja mkaguzi, mzee mrefu, suti yake ya kijivu imenyooshwa vizuri. Akaweka boksi la sabuni juu ya meza yangu, akawaambia watoto walichore, akaanza kuzunguka akitazama kazi zao. Akamfikia Nyanjige.

Nyanjige alikuwa mtoto wa wafugaji waliohamia Kiseke. Alianza shule kwetu akiwa amechelewa, madawati yameshakwisha, kwa hiyo alikaa sakafuni na wengine wachache, yeye mbele kabisa, akiielekea meza yangu. Alikuwa amechora mstatili mmoja tu, akaweka penseli chini.

“Hili ni boksi au mlango?” mkaguzi akauliza.

Darasa zima likacheka. Nyanjige akainama, akalowesha kidole kwa mate, akaanza kufuta.

Mwanangu, mtoto yule alikuwa anayajua maumbo kuliko wenzake wengi. Niliona anafutika yeye, si mchoro. Mwalimu mkuu, aliyesimama mlangoni, alinikazia macho ninyamaze, nami nilijua mkaguzi akichukia, kazi yangu imekwisha. Lakini mdomo ulishafunguka.

“Samahani, mzee. Naomba ukae alipokaa yeye.”

“Nikae chini?”

“Ndiyo, mzee.” Na kwa woga nikamwamkia upya: “Shikamoo.”

“Marahaba,” akajibu. Kisha akavuta suruali yake juu kidogo, akakaa sakafuni na suti yake, kwenye simenti iliyochimbika. Akainua macho kulitazama lile boksi.

“Juu sipaoni,” akasema taratibu. “Wala ubavuni.” Akamgeukia Nyanjige. “Usifute, mjukuu wangu. Umechora kile unachokiona. Mimi ndiye niliyekosea.”

Moyo wangu ukajaa furaha. Nikadhani yamekwisha. Kumbe mzee bado alikuwa na neno nami, naye akanisemesha palepale chini.

“Mwalimu, huyu anakaa hapa tangu lini?”

“Tangu alipohamia, mzee.”

“Hujawahi kumhamisha?”

Nikatikisa kichwa.

“Umemtetea vizuri,” akasema, “na nimefurahi. Lakini ukimwacha hapahapa, kila siku atachora sawasawa, na kila siku ataona upande mmoja tu.”

Maneno hayo aliyasema kwa upole, lakini yalinichoma kuliko kama angenifokea. Siku hiyohiyo tukaanza kubadilishana: wa madawatini wakashuka sakafuni, wa sakafuni wakapanda, na tukawa tunafanya hivyo kila wiki. Nyanjige alikwenda kukaa nyuma, dirishani. Akalitazama boksi lilelile, akaguta, “Mwalimu, sasa juu napaona!” Akachora mistari ya mshazari, na kingo zilizojificha akazitia vinukta, kazi safi kabisa. Wale walioshuka wakalalamika kwamba hawaoni kitu. Yeye akawaambia, “Choreni mnachokiona. Zamu yenu itafika.”

Mzee yule ameshatangulia. Mimi nilithibitishwa kazini, nikafundisha mpaka nikastaafu, na hakuna darasa nililoongoza bila kumkumbuka.

Kwa hiyo, mwanangu, mtu akikuonyesha jambo ukaona amekosea, kwanza nenda ukakae alipokaa yeye, utazame kwa macho yake. Ukishaona anachokiona, usijisifu kwamba umemwelewa ukamwacha palepale. Mwinue, mpe mahali pengine pa kutazamia.

Nenda salama. Mungu akupe magoti mepesi ya kuketi chini, na mikono yenye nguvu ya kuwainua wenzako.