Sifa ya Panya

Nilipomaliza chuo kikuu Uganda, wakati wa Mwingereza bado, niliajiriwa katika maabara ndogo milimani, upande wa Amani. Kazi yangu ilikuwa kunyoa migongo ya panya na kuipaka lami ya makaa, ile ile inayopakwa nguzo za simu zisiliwe na mchwa. Baada ya miezi, ngozi ilitoka vidonda, na baadhi ya vidonda viligeuka saratani. Kundi moja tulilinyima vitamini A. La pili tulilipatia vitamini hiyo kwa matone, katika mafuta ya ini la papa. Mkuu wangu alitaka kujua kama vitamini hiyo huizuia lami. Mimi nilitaka kujua kila kitu kingine, mpaka akawa akiniona mlangoni anaguna kabla sijafungua kinywa.

Kosa langu lilikuwa barua. Mjomba aliyenilea, pale Nguvumali, alikuwa kibarua wa kuchovya nguzo katika lami hiyo. Nilimwandikia kwa kutamba kidogo: "Panya tuliowapa sifa wamechelewa kutoka vidonda." Kwetu pwani sifa ni hayo mafuta ya papa, yanayonuka, ya kupaka vyombo vya baharini. Sikuandika kwamba tuliwapa tone. Sikuandika kwamba waliokwisha kupata saratani hawakupona hata mmoja. Kwangu ilikuwa habari ya kazi tu, na sikujua kwamba yeye mwenyewe ana kidonda.

Nilipokwenda likizo, harufu ilinipokea tangu uani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, daktari wa panya!"

Midomo yake ilikuwa imepasuka, nyusi zimepukutika, na alikishika kichwa kama mtu anayezuia kilemba kisianguke. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa.

"Muulize anakunywa nini," mkewe alisema kutoka jikoni. "Paka wa mtaa mzima wamehamia kwangu."

"Mwanamke huyu hajanipa sifa tangu nimuoe," mjomba alisema. "Nimejinunulia mwenyewe. Debe zima, kutoka Mkwaja."

Nilimuuliza anakunywa kiasi gani. Kikombe asubuhi, kikombe jioni.

"Kikombe?"

"Panya mdogo, mimi mkubwa. Umesoma wewe, piga hesabu."

Nilikaa chini. Nikamweleza kwamba vitamini ile ikizidi hujaa kwenye ini ikawa sumu, na kwamba midomo ile, nyusi zile na kichwa kile ndivyo ilivyoanza kumdhuru. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Kwa hiyo lami sumu, na sifa nayo sumu."

"Ikizidi."

"Na barua yako?"

Mkewe alitoka jikoni na kisu mkononi, akasema kile alichokatazwa kunieleza: hospitali walikwisha sema mkono ukatwe, na siku ile ile barua yangu ikafika. Mjomba akawaambia madaktari wasubiri, mpwa wake amegundua dawa.

"Nenda kesho, mjomba. Mimi nitakupeleka."

"Wakikata, nitapona?"

Miaka yote chuoni nilijivunia kwamba siogopi kusema sijui. Nilimwomba ainue mkono, nikampapasa kwapani. Kulikuwa na tezi ngumu, ishara kwamba saratani huenda imeshapanda, haikusogea chini ya vidole vyangu. Mkewe alikuwa akinitazama uso.

"Sijui," nilisema.

"Yale maswali yako yote," alisema mjomba, bila hasira, "na hili hukuliuliza?"

Akafungua kitambaa. Kidonda kilikuwa juu ya kifundo cha mkono, kingo zake zimeinuka kama za kidonda nilichokiona kila siku mezani kwangu, ila hapa hapakuwa na manyoya. Kukizunguka alikuwa amechora duara kwa penseli ya wino, ile ya kulowesha ncha, tangu kikombe cha kwanza, apate kuona kidonda kinavyorudi nyuma.

"Macho yananicheza siku hizi. Kimerudi nyuma?"

Upande mmoja duara lilikuwa bado linaonekana, mstari wa zambarau. Upande wa kidole gumba kidonda kilikuwa kimelimeza.

"Hapana, mjomba. Kimevuka."

Alitikisa kichwa polepole. Kisha akanipa penseli, akasema nichore jingine, nje zaidi. Nikalowesha ncha kwa ulimi, nikachora.