Fomu Tupu za Mama Futi

Mtaani walimwita Mama Futi, kwa ile futi ya kupimia aliyoivaa shingoni, na jina lilimkaa kama nguo aliyojishonea mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka ishirini na sita, katika chumba cha mbele chenye dirisha moja na meza ya kukatia iliyojaa makovu ya mkasi. Ukimletea vipimo vyako vimeandikwa, alivipokea kwa adabu, akavibana chini ya pasi, kisha akakuambia usimame wima. Hata kama alikupima mwezi uliopita, angekupima tena. "Karatasi haina tumbo," alikuwa akisema, na wateja wakacheka huku wakivuta pumzi ndani.

Mwanamke huyu asiyeamini karatasi ndiye aliyetia sahihi fomu tupu za benki kwa miaka mitatu.

Ilikuwa hivi. Pale mtaani palikuwa na kikundi cha mpira wa pete cha wasichana, na walezi wake wote walifanya kazi ya kujitolea. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu. Mweka hazina alikuwa muuguzi wa zahanati, ambaye wote walimwita Nesi. Kanuni ilisema pesa haitoki benki bila sahihi mbili, ya Nesi na ya Mama Futi. Kanuni nzuri, iliyoandikwa kwa mkono mzuri, ikabandikwa ukutani. Lakini benki ilikuwa ng'ambo ya mji, na kila mara Nesi alipopitisha fomu alimkuta mwenzake ana wateja watatu na suruali ya arusi inayosubiri pindo. Siku moja Mama Futi akamwambia alete kitabu kizima cha fomu za kutolea pesa. Akatia sahihi fomu zote hamsini kwa mpigo mmoja, kastabani ya kushonea ikiwa bado kidoleni. Kitabu kilipokwisha, kikaletwa kingine.

Usimwone mjinga. Nesi alikuwa shoga yake tangu wakiwa wasichana. Mama mzazi wa Mama Futi alipolala miezi minne hajiwezi, ni Nesi aliyekuja kila jioni kumgeuza na kumsafisha, na hakupokea hata senti. Mtu aliyeosha vidonda vya mama yako, utamwambia nini? Utamwomba risiti?

Kulikuwa na mtu mmoja aliyethubutu. Karani wa ghala la saruji, ambaye binti yake alichezea kikundi, aliingia kwenye kamati mwaka wa tatu. Katika kikao chake cha pili aliomba taarifa ya benki isomwe kila mwezi na mtu asiyetia sahihi, na iwe ile iliyochapwa na benki yenyewe. Hadi siku hiyo Nesi alikuwa akiwasomea hesabu kutoka kwenye daftari lake la jalada la bluu, na watu wakapiga makofi.

"Ghalani kwetu anayetoa mfuko siye anayeuhesabu," karani alisema. "Si kwamba sisi ni wezi. Ndiyo maana hatujawa."

Nesi alitazama mikono yake. Aliyejibu ni Mama Futi.

"Mwanangu, wewe umezoea kulinda saruji. Hapa tunalea watoto. Ukitaka kumpekua mtu, nenda kawe askari wa getini, utapewa na filimbi."

Kamati nzima ilicheka, na mwenyekiti alicheka hadi akavua miwani. Zilipopigwa kura, karani alipata moja, ya kwake. Mama Futi alirudi nyumbani akijiona amemtetea rafiki. Kumbe alikuwa amemshikia mlango.

Mwaka huo kikundi kilikuwa kimepata nafasi katika mashindano makubwa ya wasichana wasiozidi miaka kumi na minane. Vyuo vingetuma makocha wao kuchagua wachezaji wa kuwasomesha bure. Wasichana walikuwa wameweka akiba miaka mitatu: wameosha magari, wamefagia kumbi za watu baada ya sherehe, wameuza maji ya kunywa kwenye stendi. Nahodha wao, msichana mrefu waliyemwita Ngazi, hakuna aliyeosha magari mengi kama yeye. Baba yake alikuwa amemwambia wazi kwamba ada ya chuo hana. Nafasi yake ilikuwa hiyo, na mwaka uliofuata angekuwa amevuka umri.

Wiki mbili kabla ya safari, mwenye basi alitaka malipo ya awali. Nesi alikuwa ametuma ujumbe kwamba anaumwa. Mama Futi akafunga chumba, akavuka mji, akapanga foleni mwenyewe kwa mara ya kwanza. Mhudumu wa dirishani alimchapia taarifa bila kumtazama. Salio lililobaki halikutosha kununua katoni ya nyuzi. Alipobisha, akaonyeshwa fomu, moja baada ya nyingine. Sahihi yake ilikuwa kwenye zote, safi, wala haikughushiwa.

Alimkuta Nesi zahanati, amekaa kwenye benchi la nyuma, haumwi. Mama Futi akaweka taarifa mapajani mwake, akakaa. Kisha Nesi akaeleza, polepole, kwamba pesa ya kwanza ilikuwa ya ada ya mwanawe, na alikusudia kuirudisha mwisho wa mwezi. Ya pili hakukumbuka ilikuwa ya nini.

"Mara ya kwanza sikulala wiki nzima," alisema. "Nilikuwa nangoja uniulize. Shoga, ungeniuliza mara moja tu, ningeona haya nikaacha. Hukuniuliza."

Mama Futi alitaka kumpiga kofi. Wizi wako unautupa mgongoni kwangu? Lakini neno lilikuwa limeshaingia kama sindano iliyokatikia ndani ya kidole. Nesi alikuwa mwizi, na kauli yake ilikuwa ya kweli. Mambo hayo mawili hukaa pamoja, tupende tusipende.

Kamati ilipokutana, mwenyekiti alishauri wafunike kombe mwanaharamu apite. Nesi ni mwenzetu, alisema, ana watoto, na kikundi kitachafuka. Wasichana waambiwe basi limeharibika.

"Waambiwe uongo na walezi wao," Mama Futi alisema. "Baada ya kuibiwa na walezi wao. Mwalimu, mimi naenda polisi. Na jina la kwanza nitakaloandikisha ni langu."

Karani wa ghala hakusema kwamba aliwaonya. Afadhali angesema. Aliinuka tu, akamfungulia mlango.

Polisi walimhoji Mama Futi siku tatu, maana sahihi ni sahihi. Mwishowe wakamwachia. Nesi alifukuzwa kazi na kuamriwa kulipa kidogo kidogo, na hadi leo hajafika hata robo. Kikundi sasa kina kanuni mpya: fomu haitiwi sahihi ikiwa tupu, na taarifa husomwa kwa sauti na mtu asiyegusa pesa. Karani ndiye huisoma, na hakuna anayecheka. Mama Futi mwenyewe aliomba asitie sahihi tena maishani. Hushona sare tu, basi.

Safari haikuwepo. Wasichana waliambiwa ukweli na Mama Futi, uwanjani, akiwa amesimama. Hawakulia. Ngazi aliuliza kama mwaka ujao umri utaongezwa.

Juzi Ngazi alikuja pale chumbani. Ameajiriwa duka la vifaa vya ujenzi, anahitaji koti la kazi. Akatoa karatasi yenye vipimo vyake. Mama Futi akaibana chini ya pasi kama kawaida, akachukua futi shingoni.

"Simama wima nikupime."

Msichana alisimama wima. Aliinua mikono, akamwacha azungushe futi kifuani, akitazama dirisha juu ya kichwa cha Mama Futi.

"Kumbe unajua kupima, mama," alisema kwa upole.

Mama Futi aliandika namba. Akaitazama, akaifuta. Akapima tena.