Amina, Vaa Viatu

Mama Kepher hakuwahi kumaliza maombi kwa "Amina" peke yake. Alisema, "Amina. Vaa viatu," na wewe mgonjwa, hata kama machozi bado yanakutoka, ulijua safari ya zahanati imeanza. Ukimwambia utaenda kesho, aliinama mwenyewe kukutafutia viatu chini ya kitanda.

Jina lake hasa ni Dorcus Nyabate. Alizaliwa Kisii, akachuma chai miaka ishirini na saba katika shamba kubwa linalopakana na kashamba kangu hapa Sosiot. Mimi ni Rodah Chepkosgei, mama yake Maxine, Mkipsigis wa hapahapa, na kilichotukutanisha ni maziwa. Kila asubuhi nilivuka ua na mtungi wangu nikauze kwenye nyumba za wafanyakazi, zile tulizoita laini. Siku ya kwanza Mama Kepher aliyatazama maziwa, akanitazama mimi, akauliza mbele ya wanawake wote, "Mama Maxine, haya umeyabatiza kwa kunyunyiza ama kwa kuzamisha?"

Nilikasirika wiki nzima. Wiki ya pili nikaacha kuongeza maji.

Siku hizo laini ilikuwa na watu. Saa kumi na mbili asubuhi ungeona moshi kwenye kila mlango, akina mama wakifunga aproni za plastiki kwa sababu ya umande, mmoja akiimba, mwingine akigombana na mtoto kuhusu soksi. Sasa mashine ndizo zinazochuma. Zinapita juu ya chai zikinguruma, na nusu ya nyumba hazina milango. Nikipita pale natamani mtu anitukane tu, nijue kuna mtu.

Maombi yao yalikuwa Jumatano, alasiri, baada ya kupima majani. Trekta la kubeba chai lilichelewa kila siku, kwa hivyo wachumaji walikaa chini ya kibanda cha mizani wakilisubiri, na Mama Kepher akaamua kwamba huko kuchelewa ni Mungu anawapa nafasi. Nilianza kukaa nao, kwanza kwa udaku, halafu kwa kupenda. Alikuwa na mkebe wa mafuta ya kukamulia, yale tunayopaka ng'ombe kwenye chuchu. Wachumaji huyapaka vidoleni kwa sababu chai hupasua ngozi. Mama Kepher aliwapaka nayo wagonjwa kwenye paji la uso. Pasta alipomwambia kwamba mafuta ya upako ni ya zeituni, alijibu, "Pasta, hapa zeituni haimei. Na anayeponya si mafuta."

Kisha akaanza vita. Ukitaka kumwelewa, lazima ujue kwamba kila mchumaji hupewa mstari wake wa chai, na kuingia mstari wa mwenzako ni ugomvi mkubwa. Basi Mama Kepher alisimama, kidole juu, sauti ikasikika mpaka barabarani: "Wewe Shetani, umeingia mstari usio wako! Huyu ana mwenyewe! Toka na kikapu chako!" Nimeona wahubiri wa mahema na vipaza sauti. Hakuna aliyewahi kunifanya nimwonee Shetani huruma kama yeye.

Na watu walipona. Sisemi wote. Cherotich tulimwombea na tukamzika. Lakini Caren alipoteza sauti miezi miwili, zahanati ikamtazama koo isione kitu, na Jumatano moja akiwa amepakwa mafuta, sauti ikarudi ghafla. Neno lake la kwanza lilikuwa tusi kwa mume wake. Tulisema haleluya hivyo hivyo. Hata hapo Mama Kepher hakumwachilia. "Amina. Vaa viatu, daktari aione hiyo koo." Alisema Mungu hana wivu na daktari, wivu ni wa watu.

Nisimulie sasa yangu.

Binti yangu Maxine alianza kuanguka kifafa akiwa na miaka mitano. Mama Kepher aliomba, akatuvalisha viatu, tukapewa tembe za kila siku kwenye hospitali kubwa mjini, na mtoto akatulia. Mwaka 2004 akaja nabii mmoja kutoka mbali, akapiga hema lake karibu na soko. Alinishika mkono akasema mtoto wangu amepona, ila zile tembe ndizo mlango ambao pepo anarudia. Nikimwamini Mungu, nizitupe. Jamani, nilitaka kumwamini Mungu kuliko watu wote wa Sosiot. Nilizimwaga chooni, nikasimama siku ya Jumapili nikashuhudia kwa sauti kubwa, nikapigiwa makofi.

Siku ya nne Maxine alianguka, na kutetemeka kukakataa kuisha. Nilikimbia naye hadi kwenye ua nikipiga mayowe. Mama Kepher alikuwa mstarini, kikapu kimejaa majani ya asubuhi nzima. Aliyamwaga chini. Aliacha machache tu, mtoto alalie pahali laini, akamtia Maxine ndani, akakivuta kikapu mgongoni, akakimbia. Kutoka hapo hadi zahanati ya shamba ni mlima mtupu. Mimi nilikuwa nyuma nikilia, yeye mbele akimfokea Shetani kwa kila pumzi: "Mstari si wako! Si wako! Si wako!"

Nesi aliuliza, "Mtoto ni wa nani? Namba ya kazi?" Hapo hutibiwa wafanyakazi na watoto wao tu. Mama Kepher akasema, "Ni wangu," akataja namba yake. Nesi aliangalia yule mtoto, akaniangalia mimi ninayefanana naye kama yai na yai, akaandika alivyoambiwa.

Maxine alinuka majani mabichi wiki nzima, na mpaka leo harufu hiyo ikinijia ghafla nageuka kumtafuta. Alikunywa tembe miaka mingine minne, kisha daktari mwenyewe akazisimamisha. Hajaanguka tena. Mimi nasema aliponywa. Mama Kepher alisema vilevile, na ukimuuliza ni dawa au ni Mungu, alikuuliza, "Kwani dawa ni za nani?"

Hakunilaumu hata siku moja. Ila mimi nilijilaumu vya kutosha kwa wote wawili. Niliendelea kukaa kibandani kila Jumatano, kichwa chini, mdomo umefungwa. Mdomo ulioshuhudia uongo na kumwaga dawa ya mtoto, ningeupelekaje mbele za Mungu? Mama Kepher akizungusha maombi mtu kwa mtu, alinifikia, akangoja kidogo, akapita. Miaka ikaenda hivyo. Mashine zikaja, wenzetu wakatawanyika: Caren akarudi kwao, Jentrix akahamia Kipkelion. Jairus, mume wa Mama Kepher, akafariki. Yeye mwenyewe akastaafu, akapanga chumba kimoja nyuma ya soko, kwa kuwa alisema Kisii walikuwa wamemsahau na hapa bado tunamsumbua.

Mwezi wa tatu mwaka huu alijikata kidole cha mguu kwa jembe. Ana sukari. Kidonda kikaanza kuwa cheusi. Kliniki ikamwandikia barua aende hospitali kubwa mjini haraka, kabla mguu haujaharibika wote. Mimi nilijua siku ya tisa tangu barua hiyo, nilipompelekea mursik, maziwa yetu ya kibuyu. Nilikuta barua imelazwa chini ya kikombe.

"Mama Kepher, hii barua ni ya lini?"

"Ya juzi."

"Juzi gani? Inasema tarehe nne! Twende hospitali."

"Nani ameniombea?"

"Pasta si alikuombea?"

"Kwa simu. Hiyo ni salamu." Akavuta blanketi. "Mama Maxine, sijawahi kupeleka mtu hospitali bila kumwekea mikono. Nianze na mimi?"

Nilitoka nje nikampigia Jentrix. Hakushika. Nikampigia Caren, simu ikasema haipatikani. Nikampigia Maxine, anayefundisha nasari hapo Sosiot, akasema anakuja. Nilirudi ndani. Harufu ya kidonda ilikuwa imejaa chumba, na nilijua mguu huo hauna siku nyingine ya kupoteza. Mkebe ulikuwa dirishani. Mama Kepher alikuwa amefumba macho, lakini hakuwa amelala. Alikuwa ananingoja, kama alivyoningoja kibandani, ila safari hii hakupita.

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko siku ya kikapu. Nilichota mafuta, nikampaka paji la uso, nikampaka na nyusi.

"Mungu," nikasema. Kuku wa jirani walikuwa wakipiga kelele. "Mungu, ni Rodah. Yule aliyemwaga dawa." Halafu yakaja yote, kilio na kamasi, sikumbuki nusu yake. Najua nilimwambia Shetani atoke kwenye huu mstari kwa sababu una mwenyewe, na sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mbuzi. Najua nilimwomba Mungu auache mguu uliopanda ule mlima na mtoto wangu.

Nilipofungua macho Maxine alikuwa amesimama mlangoni na vumbi la chaki mikononi.

"Amina," nikasema. Mama Kepher akaniangalia, hakuitikia. Alikuwa anangoja kilichobaki.

"Vaa viatu," nikasema.

"Viko chini ya kitanda," akajibu.

Kiatu kimoja kiliingia. Mguu mwingine tuliuzungushia leso. Kufika barabarani kuna ngazi za matope ambazo pikipiki haiwezi, kwa hivyo Maxine alichuchumaa mbele ya kitanda. "Gogo," akamwita, yaani nyanya kwa lugha yetu, "panda mgongoni."

"Nitakuvunja."

"Kwani wewe ulivunjika?"

Akapanda.

Walimkata vidole viwili. Mguu ulibaki, na daktari alisema siku mbili zaidi angesema mengine. Nilimshukuru Mungu kwa sauti pale pale kwenye korido, watu wakageuka kutazama.

Jumamosi Jentrix alikuja kumwona wodini. Akaniambia kwa masikitiko, "Na mimi nilikuja kwake siku ya tatu kumwombea, Mama Maxine. Nilikuja na mafuta yangu. Akakataa. Alisema anamngoja mtu mwingine."

Nilimgeukia yule mzee pale kitandani. Hasira ilinipanda mpaka masikio.

"Mama Kepher! Umetufundisha miaka yote mgonjwa asingoje kesho. Ungepoteza mguu kwa ajili ya mdomo wangu?"

Alijifanya kutafuta kitu kwenye shuka. Baadaye akasema polepole, "Miguu ninayo miwili. Wewe nina mmoja."

Nilikaa pale nikilia, nikimchukia na kumpenda, na Jentrix akajishughulisha na ndizi alizoleta.

"Huyu wa kitanda cha dirisha anaingia tieta kupasuliwa saa nane," Mama Kepher akaendelea, kana kwamba hakusema kitu. "Hajaombewa. Mimi siwezi kusimama. Mkebe uko kwa kabati."

Nikafungua kabati.