Sentimita Ishirini na Nane

Dada yangu ni fundi cherehani. Mtaani wanamwita Futi, kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda msibani.

Alipoanza kutokwa na damu siku nane kila mwezi, alikwenda kliniki akapigwa altrasaundi. Daktari alitupia macho majibu huku anaongea na simu.

"Una uvimbe kwenye kizazi, faibroidi. Sentimita ishirini na nane. Kizazi kitolewe Jumatatu. Saini hapa."

Basi! Mwanamke wa miaka thelathini na nne, hajawahi kushika mtoto wake, anaambiwa hivyo kama anaambiwa avue viatu mlangoni. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Dada hakusaini. Alirudi nyumbani na fomu, majibu yakabaki kliniki; mimi nikalia. Yeye alisimama mbele ya kioo cha wateja, akaishusha futi shingoni na kuitandaza tumboni.

"Mdogo wangu, hebu njoo. Ishirini na nane inaanzia huku chini, inapita kitovu, inakaribia matiti. Wajawazito nimewashonea miaka kumi na mbili, hili ni tumbo la miezi saba! Mimi sketi ya mwaka juzi inanipwaya. Huo uvimbe umekaa wapi, mfukoni?"

Kesho yake tulikuwa kliniki kabla mlango haujafunguliwa.

"Daktari, naomba unioneshe hiyo namba."

"Kwani mama, wewe ni daktari?"

"Mimi ni fundi. Kazi yangu kupima."

Daktari akaivuta karatasi ya majibu kwa hasira. Ishirini na nane ilikuwepo, na mbele yake imeandikwa milimita. Milimita! Hata sentimita tatu hazifiki. Sasa ndipo alipopata muda wa kusoma mpaka chini: uvimbe uko ndani ya ukuta wa kizazi, haujaingia kwenye nafasi ya mtoto. Akaeleza kwamba faibroidi kwa kawaida si saratani, kwamba kuna dawa za kupunguza damu, na kipimo kirudiwe baada ya miezi sita. Kumbe maneno alikuwa nayo siku zote!

"Ni kosa dogo tu la kusoma," akasema.

Dada aliikunja futi taratibu.

"Mimi nikikosea nafumua, nashona upya. Wewe Jumatatu ungefumua nini?"