Mashahidi Watatu wa Goti la Miraji

Pwa! Kizibo kinatoka kwenye chupa gizani, kisha kimya.

Ni saa kumi na moja alfajiri, mtaa wa Mchangani, mjini Unguja. Bi Time Shaame, mwenye umri wa miaka ishirini na tisa, anamimina mafuta ya nazi kwenye kopo bila ya kuwasha taa, asije akamwamsha mwanawe, Mwatum. Mikono yake inayajua mafuta hayo kwa uzito. Siku zote humimina ya wagonjwa sita. Leo kamimina ya mmoja tu.

"Nshakanda wazazi, nshakanda mahamali, nshakanda wacheza mpira," anasema kwa sauti ya chini. "Sijapata kuogopa goti la mtu kama hili."

Goti lenyewe ni la Miraji Machano, hamali wa ghala la karafuu na beki wa timu ya mtaani kwao, Kikwajuni. Saa tatu leo daktari atalipima. Likikunjika hadi pembe mraba, Miraji ataendelea kutibiwa na Bi Time. Lisipofika, mguu utafungwa plasta kutoka pajani hadi kifundoni, wiki nane nzima. Naye Bi Time atarejea kukanda tu, asiulizwe tena vitabu vinasemaje.

Maana mambo haya yalianzia vitabuni.

Bi Time ni mkandaji katika hospitali moja ya mjini, kwa mshahara wa shilingi themanini kwa mwezi. Kukanda alifundishwa na bibi yake huko Uroa. Kiingereza alikifuata mwenyewe mjini, kwenye darasa la jioni la wanawake, miaka mitatu sasa. Siku moja Dokta Shamsi, daktari wa wodi ya wanaume, alimsikia akimsomea mgonjwa maandishi ya chupa ya dawa. Hakulisahau jambo hilo.

"Majarida ya udaktari yananijia kwa meli na kurundikana mezani," anaeleza daktari huyo. "Mimi nina vitanda sitini. Alipoletwa Miraji na goti limevimba kama boga, nikamwambia: Bi Time, nisomee makala haya manne ya magoti ya wachezaji. Nataka ukurasa mmoja. Yanakubaliana, au yanapingana?"

Wiki mbili Bi Time alikuwa akisoma wakati wa mapumziko ya mchana, kamusi kwenye paja la kulia, jarida la kushoto. Borafya, dresa wa wodi, mfunga vidonda, hakumwacha apumue.

"Bi Time, siku hizi umeacha miguu, unakanda makaratasi?"

"Ndiyo, kaka. Nayo ni magumu kuliko kichwa chako."

Makala matatu yalisema goti lifungwe lisitikisike. Ya nne yakasema goti lianze kukunjwa kidogo kidogo tangu wiki ya kwanza. Bi Time akahesabu. Watatu kwa mmoja. Akaandika ukurasa wake kwa mwandiko wa kupendeza, akaukabidhi siku ya Jumatano. Dokta Shamsi akausoma, akashukuru, akapanga Miraji afungwe plasta Jumamosi asubuhi.

Jambo moja Bi Time aliliruka. Nyuma ya kila makala palikuwa na safu ndefu ya majina kwa herufi ndogo. Bi Time aliyaona, akayapita.

"Nlidhani ni salamu," anasema, na hapo hucheka huku kajifunika uso kwa kanga. "Si barua zetu ndivyo zinavyokwisha? Nisalimie fulani, na fulani, na wote wanaoniulizia. Nikasema, Wazungu nao wana adabu, wanasalimiana."

Alhamisi jioni alimwonesha mwalimu wake, Bi Mwanamkasi, makala hayo, kwa fahari ya mwanafunzi. Mwalimu akatia kidole kwenye safu ile.

"Time, hizi si salamu. Hawa ndio watu ambao mwandishi kachukua maneno yao."

Bi Time akakaa papo hapo akayafuata majina moja moja. Makala ya tatu yaliegemea ya pili. Ya pili yakaegemea ya kwanza. Na ya kwanza, alipoyarejea polepole, yalikuwa ya bwana mmoja aliyeeleza desturi ya hospitali yake, bila ya kutaja ametibu magoti mangapi wala yalikuwaje baadaye.

Akaikumbuka Uroa, mwaka aliokuwa na miaka saba, mikono yake imetiwa hina ya sikukuu. Wanaume watatu walikuja mbio kwa sheikh wa kijiji kusema mwezi umeandama, kesho Idi. Sheikh akamwita kila mmoja peke yake: "Umeuona kwa jicho lako, au umeambiwa?" Wa tatu kaambiwa na wa pili. Wa pili kaambiwa na wa kwanza. Wa kwanza akasema alimwona mtu ufukweni ananyoosha kidole juu. Kijiji kizima kikaamka na saumu.

"Nililia kwa ile hina yangu," anakumbuka. "Lakini baba aliniambia, mwanangu, wale hawakuwa mashahidi watatu. Alikuwa shahidi mmoja ana vinywa vitatu. Na huyo mmoja naye hakuona kitu."

Ijumaa, siku yake ya mapumziko, aliyasoma tena yale ya nne, yaliyokuwa peke yake. Mwandishi wake alitibu askari ishirini na wawili kwa mkono wake, akawafuatilia mwaka mzima, akaandika hata wawili waliozidi kuumwa. Bi Time hakuyapamba. Katika ukurasa mpya aliandika: "Huyu kaona. Lakini kaona wachache, nao ni askari vijana, si mahamali."

Jumamosi alipofika wodini, bandeji za plasta zilikuwa zimo kwenye beseni la maji. Borafya kaushika mguu. Miraji kayafumba macho. Dokta Shamsi kakunja mikono ya shati.

"Dokta, ngoja!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Nisamehe. Nimekosea. Ukurasa niliokupa si sawa."

Wodi nzima ikageuka. Borafya akaguna: "Mambo ya vitabu hayo."

Daktari akausoma ukurasa mpya amesimama, maji yanamchuruzika vidoleni. Akausoma mara ya pili. Plasta ikaanza kugandia beseni.

"Wiki sita," akasema mwisho. "Mkunje kidogo kidogo, kama alivyofanya huyu wa askari. Goti likivimba, unaacha siku hiyo hiyo. Wiki ya sita nitapima. Lisipofika pembe mraba, nafunga. Na safari hii sitakuuliza."

Leo ndiyo wiki ya sita.

Saa tatu kasoro dakika tano, Bi Time anapaka mafuta. Wiki ya tatu goti hili lilivimba tena, wakaacha siku nne, na Miraji akamwambia mbele ya watu, "Bi Time, mguu huu ni wa kubebea karafuu, si wa kujifunzia." Aliliandika neno hilo daftarini pamoja na vipimo vya uvimbe.

Dokta Shamsi anaingia na kipimo chake cha mbao. Borafya hatanii. Miraji analala kifudifudi, anavuta pumzi, anakunja. Mguu unapanda, unasita. Jasho linamtoka Miraji shingoni. Unapanda tena.

"Mraba," anasema daktari. Hakiondoi kipimo. "Umepita. Digrii mia na kumi."

Bi Time anachukua kitambaa, anafuta mafuta yaliyomwagika sakafuni, mahali pale pale, mara tatu.

"Bi Time," anaita Borafya.

"Naam."

"Hayo makaratasi yako, na mimi nifundishe."

Daftari la Bi Time limegawanywa safu nne: nani kaandika, kawatibu wangapi, kawafuata muda gani, kaona au kaambiwa. Upande wa pili sasa ana magoti kumi na moja ya wachezaji wa Unguja, yaliyopona na yasiyopona. Anataka yafike thelathini, kisha aandike makala yake mwenyewe, Bi Mwanamkasi amsahihishie, yaende kwa meli kule yanakotoka mengine.

"Goti moja si ushahidi," anasema. "Lakini hili nimeliona mwenyewe."

Mchana anakwenda Kikwajuni kutazama kama goti limevimba kwa mwendo. Chakula kimeandaliwa mkekani. Kando ya ukuta kipo kiti ambacho Miraji amekuwa akikalia kula na kusali tangu alipoumia. Miraji anakitazama kiti. Anashika ukuta kwa mkono mmoja, anajishusha taratibu, mkewe kashika pumzi na bakuli la mchuzi mkononi. Mguu unakunjika chini yake.

Mwanakheri, binti yake wa miaka minne, anaacha tonge sahanini.

"Baba kakaa chini."